Sala Ndefu na Shati Lisilo na Mgongo

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana Makorora nzima wanajua, na nikinyamaza watakusimulieni wao tena kwa chumvi nyingi: mimi, mzee wa kanisa, baba wa watoto wanne, mtu anayeitwa kusali kwenye posa na kwenye matanga, nilionyesha mgongo wangu mtupu kwa mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo, mchana kweupe, nikiwa katikati ya sala. Aibu ile niliila yote, sikumbakizia mtu hata tonge.

Ilikuwa Februari, ule mwezi ambao huku Tanga unaoga, unajifuta, na bado hujui kilichobaki mwilini ni maji au jasho. Mimi kwetu ni Lushoto, ambako koti ni nguo ya kila siku, na ingawa nimekaa Makorora zaidi ya miaka ishirini kuna kitu cha milimani hakijanitoka: naamini mtu anayesimama hadharani kwa jina la Mungu lazima avae koti na tai. (Mke wangu, Mama Neema, ni Mbondei wa Muheza, na yeye anaamini Mungu hana habari na tai ya mtu.)

Sasa mtaa wetu ulikuwa umechimbiwa kisima, na siku hiyo kulikuwa na mkutano wa kukizindua na kuchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Kwetu mkutano haufunguliwi hivihivi. Shehe anaomba dua, kisha upande wa Kikristo unatoa sala, ndipo mengine yafuate, na hakuna anayeona ajabu. Mchungaji alikuwa amesafiri kwenda Korogwe, akaniachia mimi. Na niseme jambo ambalo siku ile sikumwambia mtu: kile kiti cha uenyekiti nilikitaka. Nilikitaka sana. Watu walishaanza kunong'ona kwamba Mzee Shekue anafaa, ana msimamo, haogopi mtu, na mimi nikawa najifanya sisikii huku kila neno nalidaka. Kwa hiyo sala ile kwangu ilikuwa sala, na ilikuwa kampeni pia, Mungu anisamehe.

Asubuhi Mama Neema alitangulia kwenda kupanga viti, akaniachia shati la kitenge kitandani, limeshapigwa pasi. Nikaliona halina hadhi. Nikatoa shati langu jeupe, la pekee, nikatia mkaa kwenye pasi nikaanza kunyoosha mwenyewe, mara simu ikaita, nikapokea (alikuwa jamaa ananiambia ng'ambo ya barabara wote wako upande wangu, sasa simu ya namna hiyo unaikataje), na nilipogeuka, mgongoni mwa shati pana tundu lenye umbo la pasi kabisa, kingo zake zimebabuka kahawia. Mtu mwenye akili angevaa kitenge. Mimi nikachukua mkasi wa mke wangu nikakata mgongo wote, kuanzia chini ya kola mpaka kiunoni, nikaacha kifua, kola na mikono. Nikavaa, nikafunga tai, nikatia koti juu, nikajitazama kwenye kioo nikaona waziri. Tena nikajipongeza, maana shati nimeliokoa na juu ya hayo mgongo utapata hewa.

Hewa gani. Koti lenyewe lilikuwa la sufu, la mitumba, limeshonwa kwa ajili ya watu wanaoishi na barafu. Kufika uwanjani pale nje ya ofisi ya mtaa nilikuwa tayari nimelowa, lakini nilitembea kifua mbele mpaka meza kuu chini ya turubai, nikakaa kati ya mwenyekiti wa mtaa na Shehe Nassoro. Huyu Shehe Nassoro ni mzee wa asili ya Kiarabu, wazee wake walitoka Oman, ana duka la vitambaa, na mimi na yeye tunaheshimiana.

"Shikamoo, shehe," nikamwambia.

"Marahaba, Bwana Shekue. Umependeza mashaallah. Lakini koti hilo halitakuua?"

"Nimezoea, shehe."

Hapo mwenyekiti wa mtaa akasimama, akafuta jasho, akasema, "Ndugu zangu, joto hili halina itifaki. Waliovaa makoti tuyavue, tukae kindugu." Akalivua lake akalitundika kwenye kiti, na wengine waliokuja na makoti wakafuata. Nikabaki mimi. Watu wakanitazama. Mwenyekiti akaniinamia, "Mzee Shekue, vua tu, usione haya."

Ningeweza kusema shati limeungua. Maneno mawili, yangekwisha pale pale. Badala yake nikasimama nikasema kwa sauti ya mimbari, "Mheshimiwa mwenyekiti, Mkristo huridhika na hali aliyomo. Likija joto anashukuru, ikija baridi anashukuru. Mimi na koti langu tumeridhika." Makofi. Bibi Eliza, mama mzee wa kanisani kwetu aliyekaa mstari wa mbele, akatikisa kichwa kwa furaha. Mimi nikauona uenyekiti huu hapa, nimebakiza kuukalia tu.

Shehe akaomba dua fupi, nzuri, akakaa. Ikawa zamu yangu. Nami ningeomba fupi, lakini makofi yalikuwa yameshanilevya. Nikaombea kisima, nikaombea pampu, nikaombea watakaochota na watakaochotewa, nikaombea mtaa, kata, mkoa, wavuvi, wakulima wa mkonge, na jasho lilikuwa linateremka mgongoni mpaka kwenye soksi. Kisha nikaingia kwenye kuridhika (nikijua watu wanapapenda). Nikasema Bwana utufundishe tusitamani vyeo. Nikasema Bwana utufanye watu wa kweli, ndani kama tulivyo nje. Hapo masikio yakaanza kuvuma. Nikasema "na zaidi ya yote, Bwana," na hiyo zaidi ya yote sikuifikia, turubai lilizunguka, nikashika kitambaa cha meza nikaenda nacho chini, na chupa za maji za wageni juu yangu.

Sasa watu wa pwani mtu akianguka kwa joto hawafanyi kikao. Mmoja yuko kwenye viatu, mwingine analegeza tai, mwingine anakuja na ndoo, na mwenyekiti anasema, "Mvueni koti, mvueni koti." Mimi nusu niko duniani nusu sipo, lakini hilo nililisikia vizuri kuliko yote. Nikakamata koti kifuani kwa mikono miwili nikasema msinivue, jamani, msinivue. Wakasema mzee anaweweseka. Vijana wawili wenye nguvu wakanigeuza kifudifudi, wakavuta, koti likatoka.

Waliokuwa karibu wakainama kutazama. Halafu mtu mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama anayetaka kujua kweli, "Huyu mzee shati lake la nyuma liko wapi?" Nikasikia sauti ya mke wangu, chini chini, "Ah, Baba Neema." Na hapo ndipo kicheko kilipoanza, kwanza upande wa wanawake, kisha uwanja mzima, watu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nimelala na kola yangu safi na tai yangu na mgongo wazi mpaka kiunoni. Shehe Nassoro akatoa shali yake begani, akanifunika, akasema, "Basi, basi, huyu ni mtu mzima." Wakajizuia kidogo, kwa heshima yake.

Wakanikalisha kwenye kiti, nikanywa maji, nikadhani yamekwisha. Bibi Eliza akasimama. "Mwanangu, samahani," akasema. "Amina hukuisema. Sala imebaki wazi."

Ni kweli, haikufungwa, na kwetu sala haiachwi hivyo. Nikasimama, shali ya shehe mabegani, nikafumba macho nikasema, "Bwana, wewe umeniona, na hawa wameniona. Amina." Ile amina iliitikiwa na uwanja mzima, hata upande wa shehe, na nadhani katika maneno yangu yote ya siku ile ni hayo tu yaliyofika juu.

Ukaja uchaguzi. Na watu wana huruma, mmoja kweli alinitaja. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, na aliyenyoosha mkono ni Bibi Eliza yule yule.

"Huyu ni mzee wangu wa kanisa na nampenda," akasema. "Shati kuungua si kosa. Angetuambia limeungua, tungecheka, tukanyamaza. Sasa pampu ya kisima ikiharibika atatuambia, au ataivika koti?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mimi nikaivuta shali ya shehe ikanifunika vizuri mgongoni. Wakamchagua Mwanahawa, mama wa vitumbua, na alifaa. Pampu ilipokwama baada ya miezi michache alizunguka nyumba kwa nyumba asubuhi ile ile kutuambia, hata kabla hatujabeba ndoo.

Iliniuma, sitaki kudanganya. Jioni nilikaa barazani, Mama Neema akawa ananipepea.

"Kile kiti ulikitaka kweli?" akaniuliza.

"Nilikitaka."

"Na mimi hukuniambia."

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeuhubiria mtaa mzima kuridhika, na nyumbani kwangu, kwa mtu anayelala upande wa pili wa kitanda, nikaficha kwamba sijaridhika. Hilo lilinitia haya kuliko mgongo. Nikamwambia yote, simu, pasi, mkasi na kiti, na alicheka, akalia kidogo, akacheka tena.

Bado naitwa kusali hadharani, na bado nakubali, maana imani yangu siionei haya na sauti ninayo. Ila nimeapa mambo mawili: sala yangu haitazidi ya shehe kwa urefu, na sitoki nyumbani kabla sijamgeukia mke wangu anitazame nyuma.