Kinywa cha Yaya Mwila

Yaya Mwila, sisi majirani tulimuita yaya kama dada mukubwa, alikuwa anauza vitumbua mu avenyu yetu, hapa Ruashi, na kinywa chake bantu bote balikijua: ukinunua kitumbua kimoja, anakupatia habari za nyumba tatu. Halafu bwana yake akafukiwa na udongo mu shimo ya madini. Tangu kilio kiishe, Yaya hakusema tena. Miezi saba.

Shemeji yake, Guelor, alimupeleka ku chumba ya maombi. Nilimusindikiza. Pasta na basaidizi bake balimufinya pua, bakamumiminia maji ya chumvi ili ameze. Yakarudia puani pamoja na makamasi, yakachuruzika ku kifua, na pasta akapangusa vidole vyake ku kitambaa cha kichwa cha Yaya.

"Pepo bubu inatoka!" akapaza sauti.

Nilienda nje nikatapika. Pasta alinichukiza, lakini nilijichukia zaidi mimi mwenyewe: asubuhi ileile nilikuwa nimemufinya mutoto wangu Kiki pua, juu ya kukataa uji. Mama yangu pia alinilisha vile.

Kisha akakuya Paulin, kijana wa université ya Kasapa, anajifunza kutunza bantu benye kuumia moyo. Mara ya tatu alipokuya, tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba ya Yaya, na Guelor akamwambia:

"Dokta, leo asiposema, kesho ninamurudisha kwa pasta. Atalala kule mwezi muzima."

Paulin akaogopa. "Mama Mwila, unajisikia namna gani? Unalala? Unaota nini?" Yaya akageuza uso. Kijana akaufuata huko na swali lingine. Niliona ni pua inafinywa tena, ila bila mukono.

Mimi nilikuwa ninamulisha Kiki pembeni. Naye akageuza kichwa. Nikaweka kijiko chini, nikangoja. Kidogo akanirudishia macho. "Mmh?" "Mmh," nikamuitikia. Akafungua kinywa.

"Umemufanya nini?" Paulin akauliza.

"Hakuna. Alipumzika, akarudi yeye mwenyewe."

"Na kama hangerudi?"

"Ningengoja. Tumbo ni yake."

Guelor akacheka. "Eh! Mama Kiki amekuwa profesere!"

Paulin akafunga kaye yake ya kuandikia. Akasogeza kiti nyuma, akatazama barabara, kule Yaya alikuwa anatazama. Tukakaa vile, muda murefu. Guelor akafyonya mara mbili. Yaya akageuka polepole, akashusha pumzi. Paulin naye akashusha pumzi.

"Utaanguka," Yaya akasema, sauti imekauka. "Kiti ile iko na muguu mubovu."

Guelor akaruka, akamukamata kidevu. "Rudilia! Sema tena! Sema jina yangu!" Vidole vyake vilinuka samaki. Yaya akafunga midomo. Mimi, ambaye sijamujibu Guelor hata siku moja, nilitoa mukono ule kwa nguvu.

"Shemeji, muache! Ulisema asiposema. Amesema. Kesho haendi."

Guelor akatema mate mbele ya mulango, akaenda zake.

"Nirudi siku ya mbili, juma ijayo?" Paulin akaniuliza.

"Usiniulize mimi."

Akamugeukia Yaya, akangoja.

"Kuya," Yaya akasema. "Lakini maswali yako, zingine ubakishe Kasapa."