Ratiba ya Mzee Chaki

Kwa miaka kumi na moja ratiba ya vipindi vya shule yetu ilitoka mahali pamoja tu: kompyuta ya Mzee Chaki, mwalimu wa Hisabati. Jina hilo tulimpa sisi wenzake, maana hata ukikutana naye Jumapili sokoni, kiwiko cheupe kwa chaki. Alijifundisha mwenyewe Java, lugha ya kuandikia programu, kwa ubishi tu, akaandika programu ya kupanga ratiba. Mimi, mwalimu wa Jografia na naibu wa mwalimu mkuu, kazi yangu ilikuwa kuibandika ukutani na kugombana na wasioifuata. Muhula uliopita nilimpa mwalimu wa Kemia, binti aliyekuwa ametoka kujifungua, barua mbili za onyo kwa kuchelewa kipindi cha kwanza. "Mtoto mchanga si mwanafunzi wetu," nilimwambia.

Sasa mzee anastaafu Ijumaa, na shule inafunguliwa Jumatatu. Nilimwambia mapema: "Mzee, ile skrini yako nyeusi ya kuandika amri sitaki hata kuiona. Nipe kitu cha kubofya mara mbili, basi."

"Utabofya, Madam, mpaka uchoke."

Jumatano akaleta flashi ofisini. Nikabofya. Kompyuta ikasema haina Java.

"Lahaula! Nimekuletea chungu, jiko nimeliacha nyumbani," akasema. Programu yake, akanieleza, haiendi bila Java, na kompyuta ya ofisi haijawahi kuwekewa. Angeweza kuiweka, lakini kompyuta hii ikifa, nani ataiweka kwenye nyingine? Afadhali afungashe vyote pamoja, Java ndani kwa ndani.

Alhamisi akaja anatembea kama bwana harusi. Nikabofya, programu ikafunguka, nikapiga kigelegele ofisi nzima ikageuka. Nikabofya "Panga". Ikajibu: orodha ya walimu haionekani.

"Lakini kwangu inafanya kazi!" mzee akafoka.

"Basi Jumatatu tukubandike wewe ukutani."

Kumbe programu ilikuwa inaitafuta orodha kwenye folda ya kompyuta yake mwenyewe, na mzee alikuwa ameijaribu huko huko. Kinyozi hajinyoi. Nilimcheka, ila moyoni niliogopa. Muhula mmoja tu, alipolazwa hospitali, tuliipanga ratiba kwa mkono, walimu watatu wakakutana darasa moja, na darasa jingine likamaliza wiki bila kumwona mwalimu wa Kiswahili.

Ijumaa asubuhi akaketi mezani kwangu ili aiingize orodha ndani ya furushi. Kabla hajamaliza akaitwa kusaini karatasi zake za kustaafu, nami nikabaki naikodolea macho skrini. Kila mwalimu alikuwa na mstari wake na masharti yake. Nikautafuta wangu, umbea tu.

"Jografia, Madam. Asipangiwe kipindi cha kwanza. Sababu: mama yake."

Jamani. Miaka mitano mama alikuwa hajiwezi kitandani, na kila asubuhi nilimwogesha na kumlisha ndipo nije kazini. Sikumwambia mtu hata mmoja pale shuleni. Nilidhani ni bahati yangu tu, kwamba asubuhi ratiba hainigusi. Na mama tulimzika mwaka juzi.

Mzee aliporudi kitini nikamuuliza, "Ulijuaje?"

"Ulikuwa unafika mikono ya gauni imelowa, na mvua hakuna."

"Na mbona hukuufuta, mama alipofariki?"

"Niufute vipi, Madam, nawe umeshazoea kulala?"

Nikacheka huku nalia, naye akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Hebu nipishe hapo," nikamwambia. Nikaufuta mstari wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikashuka hadi Kemia, nikaandika: asipangiwe kipindi cha kwanza. Sababu: mtoto wake. Mzee alisoma, akafungasha upya.

Safari hii hatukuijaribu kwake wala kwangu. Tuliipeleka maktaba, kwenye kompyuta kongwe ambayo Java haijawahi kuigusa. Nikabofya mara mbili. Nikabofya "Panga".

Ratiba ikatoka, nzima, hakuna waliogongana. Mzee akainamia skrini, akaweka kidole juu kabisa: Jumatatu, kipindi cha kwanza, Jografia.

"Madam," akasema, "usichelewe."