Mashuka Sita ya Gatina

Meneja wa kampuni ya sabuni alitaka picha mbili tu. Ya kwanza, mtoto mchafu amesimama kando ya mtaro Kibera, juu yake neno KABLA. Ya pili, mtoto huyohuyo, nadhifu, mbele ya nyumba yenye bustani: BAADA.

"Nyinyi mnatoka huko," alituambia. "Hamtakosa mtoto."

Tulikuwa wawili katika kampuni yetu ya matangazo: mimi, mzaliwa wa kijiji cha Raila, hukohuko Kibera, na mwenzangu, binti wa fundi viatu kutoka Machakos. Ofisi ilikuwa chumba kimoja mtaani Gatina, juu ya duka la nguo. Tulijulikana kwa vituko. Tuliwahi kumtangaza kinyozi kwa kuchonga mitindo ya nywele kwenye matikiti maji sokoni. Hii ya sabuni ndiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza kubwa.

Nilimfikiria mama yangu. Kila asubuhi alinisugua shingo kwa maji ya kununua hadi nikalia, ndipo akaniruhusu kwenda shule.

"Hiyo hatufanyi," nikasema.

Tukashuka ngazi za ofisi yake. Mwenzangu ndiye aliyehangaika miezi kuitafuta kazi ile, nami nilikuwa nimeitupa bila kumuuliza. Alinishika mkono. "Ungekubali, ningekuacha pale pale."

Mtaa wa jirani, Kabiro, kulikuwa na kikundi cha akina mama waliotengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa mitungi. Tuliwaendea na wazo, wakatupatia mashuka meupe sita. Tukayaandika kwa rangi, neno moja kwa kila shuka. Jumapili, watu wakielekea kanisani, tukayaanika kwenye balkoni za ghorofa moja Gatina, wapangaji wenyewe wakitusaidia kuyafunga. Kutoka barabarani yalisomeka: SISI SI WACHAFU. SABUNI NI YETU. Chini, akina mama walisimama na mitungi yao.

Keateka, msimamizi wa ploti ile, akapanda mbio. "Hii ni nyumba ama ni gazeti? Toeni!"

"Tumeanika nguo," akamjibu mmoja wa akina mama, mjane kutoka upande wa ziwa. "Kuanika kumekatazwa?"

"Hizo zimeandikwa!"

"Na tishati yako imeandikwa. Anza kuitoa."

Kicheko kilishuka ghorofa hadi ghorofa. Keateka akajitazama kifuani, akacheka pia. Kabla ibada ya pili haijaisha, mitungi ilikuwa mitupu, na kwenye jengo la mkabala watu walikuwa wakianika mashuka yao waliyoyaandika kwa makaa.

Siku mbili baadaye meneja alipiga simu. Alitaka kulinunua wazo, aweke nembo ya kampuni yake.

"Lina wenyewe," nikamwambia. "Wako Kabiro. Nenda ukawasalimie, ujifunze kutengeneza sabuni."

Akakata simu. Baadaye nikasikia ameeneza mjini kwamba sisi ni watu wagumu, na kampuni mbili zikatukwepa. Mwenzangu aliposikia, alichukua brashi, akaongeza neno hilo kwenye kibao cha mlangoni, chini ya jina letu: WAGUMU.