Mtani wa Kujipachikia

Zubeda, Mzaramo wa Temeke Mtoni, hakuwa mtu wa kutetemeka ovyo. Alishamkimbiza mwizi wa kuku kwa mwiko mpaka barabarani. Lakini asubuhi ile ya mwaka tisini na nne, katika ukumbi wa chuo kimoja cha biashara Kinondoni, alitetemeka mpaka Gaudens, mwenzake wa kundi, akamuuliza kama ana homa.

Homa ilikuwa ya kazi. Kiwanda cha nguo alikokuwa karani kilikuwa kinauzwa, na yeye alishaambiwa atapunguzwa. Mumewe alishapunguzwa kabla yake, yuko barazani anacheza bao. Mashindano haya ya wanafunzi wa jioni wa chuo hicho, yeye akiwemo, yalikuwa na zawadi moja ya maana: kundi la kwanza linaajiriwa na kampuni mpya iliyoyadhamini.

Kila kundi lilipewa habari za kampuni inayoumwa, liitafutie dawa mbele ya majaji. Wao waliangukia kiwanda cha sabuni kilichozidiwa na sabuni za nje tangu milango ya biashara ifunguliwe. Zubeda akasimama, akaeleza: malori yauzwe, yanakula faida, wenye maduka waje na mikokoteni yao, wapunguziwe bei.

Jaji Albano, mzee wa tai pana aliyekuwa akisimulia mambo ya Tabora tangu asubuhi, akavua miwani.

“Na sabuni itafikaje dukani? Mtaipigia ngoma ijipeleke? Maana nyie Wazaramo mnachojua ni ngoma.”

Ukumbi ukacheka. Gaudens akamvuta Zubeda gauni anyamaze. Lakini Zubeda kichwani alishapiga hesabu zake: mtu wa Tabora, basi Mnyamwezi, Mnyamwezi ni mtani, na mtani akikuchokoza ukanyamaza, umekwisha.

“Mtani wangu,” akasema, “nyie mlifika pwani na mizigo ya watu vichwani. Mpaka leo mnaona asiyebeba mwenyewe hafanyi biashara.”

Kicheko hakikuja. Mzee Albano akavaa miwani yake taratibu.

“Tabora nilifanya kazi tu. Mimi Mfipa. Mtani wako nani hapa?”

Kumbe lile la ngoma halikuwa utani, lilikuwa tusi, na Zubeda amemjibu jaji kwa tusi mbele ya watu wote. Akaiona kazi inatoka mlangoni, na mumewe anaipisha.

Ndipo mwenyekiti wa majaji, mama mnene aitwaye Genoveva, akagonga meza kwa kalamu.

“Mnyamwezi hapa ni mimi. Kwa hiyo nimetukanwa mimi, na nitalipiza mwenyewe, kwa wakati wangu. Mzee Albano, swali lako la mwanzo lilikuwa sabuni. Mtani, jibu sabuni.”

Zubeda akajibu: wenye maduka wataifuata sabuni wenyewe, maana bei watakayopunguziwa inazidi gharama ya mkokoteni. Mzee Albano hakumtazama tena; aliandika alama zake huku ameifunika karatasi kwa kiganja, kama mtoto anayeogopa kuibiwa jibu.

Kundi lao lilipotajwa la kwanza, Gaudens alirukaruka. Zubeda alibaki kwenye kiti, akimwambia asubiri watangaze tena.

Kwenye chai alikuwa ndiyo kwanza ameinua sambusa yake, mkono mnene ukaipokonya. Mama Genoveva, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ile kampuni iliyodhamini mashindano, aliitafuna yote bila haraka, akajifuta vidole kwenye mtandio wa Zubeda.

“Jumatatu uje umeshiba,” akasema. “Ofisini kwangu Mzaramo hali kitu mbele yangu.”