Mkebe Uliovuja

Baba yangu alikuwa na kazi moja tu kule Industrial Area, Nairobi: kujaza maji kwenye mapipa mapya na kuyatazama. Pipa likitoa hata tone moja, analichorea msalaba kwa chaki na kulirudisha kwa mafundi wa kulehemu. Yasiyotoa tone anayapitisha. Alijisifu kwamba tangu aajiriwe hajawahi kupitisha kitu kinachovuja, na hatukuthubutu kumbishia. Akienda kutembelea watu, hata kabla chai haijamiminwa, ameshainua birika lao kutazama chini.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, mchungwa wa nyanya yangu ulikauka. Nyanya, ambaye sisi tulimwita susu, aliupanda alipoolewa, na mvua ya Ukambani ilikuwa imekosa misimu miwili. Alichuma machungwa ya mwisho, yamesinyaa, akafunga mbegu kwenye kitambaa na kumpa mtu aliyekuwa akija Nairobi. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Nataka mti wangu kabla sijafa." Hakuwa mgonjwa. Hivyo ndivyo alivyoomba kila kitu, hata sukari. Lakini safari hii mbegu nyingine hazikuwepo, na Baba alilijua hilo.

Akazipanda kwenye mikebe sita ya mafuta ya kupikia, akaipanga dirishani kwetu, mtaa wa Jericho. Kila mkebe aliujaza maji kwanza akautazama, ndipo akatia udongo.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na kazi yangu ilikuwa maji. Mfereji ulitoa maji siku ulipojisikia. Nilipanga foleni na mtungi, nikapigwa viwiko na akina mama wa kanisani, nikaubeba hadi nyumbani, na Baba akachota vikombe vya kwanza akawapa wageni wake wa dirishani. Asubuhi na jioni. Mimi nikaoga kwa kilichobaki. Niliichukia ile miche, na nasema hivyo bila haya.

Miche ikaota. Ilipofika urefu wa kidole, udongo ukaanza kutoa kitu cheupe, laini, kama pamba iliyochambuliwa. Baba akachuchumaa, akatazama kwa muda ule ule anaolitazama pipa kazini.

"Chumvi," akasema. "Ardhi yenye kiu hutoa chumvi. Nimeiona tangu nikiwa mdogo."

Akaongeza maji. Weupe nao ukaongezeka. Mche wa kwanza ukalala, wa pili ukaufuata.

Mama jirani wa mlango wa pili alikuja kuomba kiberiti. Alikuwa ametoka magharibi, ambako mvua hunyesha mpaka watu wanaikasirikia. Akainama dirishani.

"Baba, hii si chumvi. Ni ukungu. Mche si samaki, jamani!"

"Mama, kwetu sijaona kitu kilichokufa kwa maji."

"Kwetu nimezika bustani nzima." Akamwelekeza: kwangua huo weupe kwa kijiko, nyunyiza majivu ya jiko, weka juani, usimwagie mpaka udongo ukauke juu. "Na utoboe mikebe chini, maji yapate kutoka."

Hapo Baba alisimama. "Nitoboe chombo kizima?"

Akampa kiberiti na kumsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Mama yangu, akichambua mchele, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Sikujua kama alimaanisha miche au mumewe.

Kufikia Jumapili mitano ilikuwa imelala, shina limekonda pale linapogusa udongo. Wa sita ulikuwa wima, majani yanang'aa, na udongo wake haukuwa na ukungu. Baba akauzunguka akitafuta sababu.

"Huo mkebe unavuja," nikasema.

Nilikuwa nimejua wiki nyingi, tangu mshono wake uliposhika kutu. Kila asubuhi mimi ndiye niliyepangusa maji chini yake. Sikusema, maana aliyelipwa kutafuta yanayovuja ni yeye.

Baba akauinua, akapitisha kidole kwenye mshono. Tone likajikusanya, likaanguka. Akatoa chaki kwenye mfuko wa koti, akachora msalaba ubavuni mwa mkebe, kisha akaelekea uvunguni kuchukua kisanduku chake cha kulehemu.

Hapo niliogopa. Sijui huruma ilitoka wapi, mimi niliyeoga kwa kikombe kwa ajili ya miche ile. Nikaukumbatia mkebe nikalia kwa sauti. "Baba, usiuzibe! Susu atakosa mti wake!"

Hakunifokea. Alikaa kitandani, kisanduku magotini. Baadaye akauchukua mkebe mikononi mwangu na kuufuta ule msalaba kwa kidole gumba, polepole, mpaka chaki yote ikatoka. Akaenda jikoni kuchota majivu.

"Nenda kwa mama wa mlango wa pili," akaniambia. "Mwambie majivu nimeweka."

Kwa Baba, huko kulikuwa kuomba msamaha.

Desemba tulikwenda nyumbani. Baba aliupakata mkebe njia nzima, ukamlowesha suruali yake ya pekee ya suti. Susu alitupokea uani. Kabla ya salamu aliuchukua, akauinua juu ya kichwa na kutazama chini yake, nami nikajua Baba alijifunzia wapi. Tone likamwangukia shavuni.

"Mwanangu," akasema, "si wewe ndiye unayelipwa kutazama? Mkebe huu unavuja."

Baba alikuwa amevua kofia.

"Unavuja, mwaitu," akamwambia mama yake. "Nimeupitisha mwenyewe."