Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya upili mjini Kakamega, niliomba likizo ya mwaka mmoja nikaenda kujitolea katika kisiwa kidogo cha nchi ya kigeni, mbali kusini mwa Bahari ya Hindi. Kazi yetu ilikuwa ya namna mbili: kuwachunguza kasa wanaopanda ufukweni kutaga, na kuwafundisha watoto wa shule za visiwa jirani kuwatambua na kutowasumbua. Kabla ya hapo sikuwahi kuiona bahari. Nilizaliwa karibu na Lubao, na maji makubwa kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya mto uliofurika wakati wa masika.

Kila kulipopambazuka nilitembea ufuko mzima na daftari. Nilipima upana wa alama za mapezi mchangani, nikahesabu viota, nikasoma namba zilizochongwa kwenye vipande vya chuma tulivyowabana kasa pezini. Tulikuwa na kanuni moja niliyoipenda kwa uangalifu wake: kasa asiyerudi haandikwi kuwa amekufa. Huandikwa kuwa hajaonekana, hata miaka mingi ipite.

Nyumbani niliandika barua tatu za mwanzo, kisha nikaacha. Sina udhuru. Mashua ya mahitaji ilikuja kila baada ya majuma matatu na ingeweza kuzichukua. Kila ilipoondoka nilijiambia kwamba nitaandika kwa safari ijayo, nikiwa na mengi zaidi ya kueleza. Miezi minane ikapita hivyo.

Katika miezi hiyo redio ilitangaza kwamba mashua imezama upande ule wa bahari. Haikuwa yetu. Mama alisubiri barua tangu kupanda mahindi hadi kuvuna. Haikufika, basi ukoo ukafanya lifanywalo kwetu kwa mtu aliyefia majini na maiti yake haikupatikana: wakakata mgomba, wakaupima urefu wangu, wakaufunga shuka, wakaulilia na kuuzika nyuma ya nyumba, ili roho yangu isitangetange ikitafuta pa kulala.

Nilishuka Lubao siku ya soko bila kujua lolote kati ya hayo. Jirani yetu mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alinitazama, akainuka, akaondoka na kuiacha mikungu yake palepale. Nilidhani ni mgonjwa.

Langoni nilimkuta shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Alinyoosha fimbo yake mbele yangu.

“Simama hapo hapo! Usipige hodi. Wewe ni nani?”

“Ni mimi, shangazi.”

“Wote husema hivyo. Niambie, nani alikuchapa ulipoiba sukari ya wageni?”

“Ni wewe. Na sikuiba, nilionja tu.”

“Ulionja mkebe mzima!” Akaangua kicheko, na kicheko chenyewe kikageuka kilio, lakini fimbo hakuishusha.

Baba mdogo akaja mbio. Alinizunguka mara mbili. “Kivuli anacho,” akasema. “Ila amekonda. Huko majini hawapiki obusuma, ugali wa nyumbani?”

Walinieleza habari zote nikiwa bado nje ya lango. Kisha wakabishana kwa muda mrefu. Walijua jinsi ya kumzika mtu asiyekuwapo. Jinsi ya kumpokea aliyekwisha kuzikwa hakuna aliyeijua kwa hakika. Hatimaye wakakubaliana nisipite langoni. Wakakata ua nyuma ya jiko, wakaniingizia hapo, wakachinja kondoo, wakanipaka kifuani majani yaliyotoka tumboni mwake, na kupanga kwamba kesho yake mgomba ungefukuliwa.

Mama alikuwa jikoni muda wote huo. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa matanga, na nywele ndiyo kwanza zilikuwa zikichipua. Aliandaa chakula, akasema akiwa amenigeuzia ubavu, “Wifi, mwambie mgeni anawe mikono.”

Tangu saa ile nilitaka jambo moja tu duniani: aniite mwanangu.

Asubuhi baba mdogo alichukua jembe, nami nikamfuata nyuma ya nyumba. Tulimkuta Mama ameketi juu ya tuta la kaburi, miguu ameinyoosha, aking’oa magugu.

“Shemeji, ondoka tumalize kazi,” baba mdogo alimwambia. “Mwenye kaburi yuko hapa, ametoka kunywa chai.”

“Nimeketi na mwanangu,” alijibu.

“Mama, humo mna mgomba,” nikasema.

Ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. “Huko ulikokuwa, ulikuwa ukifanya nini?”

Nikamweleza habari za kasa: jinsi wanavyopanda, wanavyotaga na kufukia, na jinsi tulivyowahesabu mmoja mmoja.

“Ukawaandika?”

“Niliwaandika, Mama.”

“Kila siku?”

Ningeweza kusema uongo. “Kila siku.”

Alitikisa kichwa taratibu, akarudia magugu yake. Baba mdogo akalitia jembe begani, akaenda zake, na habari ya kufukua haikutajwa tena.

Nilirudi kufundisha mjini, nikawa nikienda kumwona kila Jumamosi. Hakuwa mkali. Alinishonea vifungo vya mashati, akaniuliza habari za kikohozi changu. Tukazungumza juu ya mvua na ng’ombe. Lakini neno lile alilisema nyuma ya nyumba tu, mgongo ameuelekeza kwangu. Mara nyingi nilisimama kando ya ukuta wa jiko nikimsikiliza akizungumza kwa sauti ya chini. Alimsimulia yule wa kaburini mambo ya utoto wake mwenyewe ambayo mimi sikuwahi kusimuliwa. Siku moja nilimsikia akisema, “Mwanangu, yule mgeni amekuja tena. Ana adabu.”

Aliugua karibu na mwisho wa muongo ule. Nilikuwa nikimnywesha uji aliposema anataka kuzikwa kando ya mwanawe.

“Upande gani, Mama?”

“Wa kulia kwake.”

Nilisimamia uchimbaji mwenyewe, nikapima kwa kamba ili tuta la kwanza lisiguswe. Tulipomaliza kufukia, kati ya matuta yale mawili hapakubaki nafasi ya mtu mwingine.