Ngazi Iliyoshikwa na Baba Mkwe

Kwetu Kinyala, upande wa Tukuyu, mke hamwangalii baba mkwe wake. Hatamki jina lake, hapiti mbele yake, na akimwona anakuja anaingia migombani mpaka mzee apite. Watu wa mjini wakisikia hucheka. Wacheke tu. Mimi nimeolewa kwenye boma la yule mzee nikiwa msichana, na miaka yote hiyo nilikuwa namjua kwa kisogo: koti la kaki, kofia, na mwendo wa kuchechemea kidogo. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini mila hii hakumruhusu hata mchungaji aiguse.

Ndiyo maana nikieleza habari za kuosha ile nyumba ya Tukuyu naanza na mkwe. Bila yeye ni habari ya ndoo na brashi, na nani ana haja nayo.

Kiwanda cha chai kilikuwa kimeuzwa, wenyewe wapya wakapunguza watu, na mume wangu akawa mmojawapo. Alirudi nyumbani na blanketi lake. Wakati huohuo tajiri mmoja alikuwa amenunua nyumba ya tangu enzi za Mjerumani, kuta za mawe na chokaa, akitaka kuigeuza nyumba ya wageni. Mvua zetu zilikuwa zimeivisha ukoga wa kijani mpaka juu ya madirisha. Tukachukuliwa wanawake wawili kuiosha, mimi na mke wa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Waume zetu walijua. Baba yao aliambiwa tunakwenda kuuza ndizi, maana mzee yule angekufa kwa fedheha akisikia wakwe zake wanapanda ngazi mjini ili wanawe wale.

Msimamizi wetu alikuwa fundi kutoka Mbeya mjini, mtu wa makamo mwenye mdomo mchafu na mikono safi. Brashi ya waya aliipiga marufuku siku ya kwanza. "Hii nyumba ni bibi kizee," alisema. "Mnamwogesha, hammpari magamba." Ukuta tuliulowesha kwanza, tukapaka sabuni laini kutoka chini kwenda juu ili isichirizike na kuacha mistari, kisha tukasuuza kutoka juu kushuka. Kuhusu ngazi hakuwa na utani. Ifungwe kamba kule juu, na aliyeko chini asiiachie hata akivamiwa na nyuki. Akaona kazi inakwenda polepole na masika yanakaribia, akatangaza pale sokoni kwamba anataka mtu mmoja zaidi.

Siku ile nilikuwa juu kabisa, karibu na bati, nasuuza. Kamba tulikuwa tumeifungua tuvutie ndoo, uvivu wetu wenyewe. Mwenzangu alikuwa chini ameshika ngazi. Nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Dada, mkwe." Nilipotazama chini hakukuwa na mtu. Alikuwa ameshakimbilia nyuma ya pipa la maji. Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Mambo haya miguu huyajua kabla ya kichwa.

Ngazi ikaanza kuserereka juu ya mawe. Nikaukumbatia ukuta, nao ulikuwa na sabuni, sabuni niliyoipaka mwenyewe. Nikasema basi, nimekwisha. Kisha ngazi ikasimama. Nikatazama chini, nikaona kofia.

Mungu wangu. Baba mkwe alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, uso ameugeuzia barabarani, macho ameyafumba kama mtu anayeng'olewa jino. Na mimi niko juu ya kichwa chake, gauni limelowa na kunibana, khanga nimeifunga kiunoni, miguu yote nje. Nimezaa watoto mbele ya wakunga na wageni, lakini aibu kama ile sikuwahi kuiona. Niliwaza kuruka. Nasema kweli, niliona heri nivunjike mguu.

Mzee hakuweza kunisemesha mimi, kwa hiyo akaisemesha ngazi.

"Wewe ngazi," alisema, "mwambie huyo aliye juu asiruke. Ashuke polepole. Mimi sipo hapa."

Nikashuka. Vipago vya kukanyagia sikuviona, na karibu na chini nikakanyaga vidole vya mkono wake. Nilivisikia chini ya unyayo wangu, ngozi ngumu na mifupa. Hakuguna. Nikaruka pembeni, nikaenda kujificha na mwenzangu nyuma ya pipa, nikajifunika khanga usoni.

Fundi akatoka stoo. "Shikamoo, mzee," akasema. "Umekuja kwa ile kazi niliyotangaza?"

Hapo nikachungulia. Karibu na ngazi kulikuwa na mfuko wa kitambaa, na mdomoni mwake kumechomoza mpini wa brashi, ile anayopakia chokaa kanisani. Kumbe. Asubuhi alikuwa amemwambia mama mkwe anakwenda hospitali pale Makandana kuonyesha mguu. Sisi tulimdanganya kwamba tunauza ndizi, naye akatudanganya kwamba anatafuta dawa, na wote tulikuwa tunatafuta sahani ileile.

Mwenzangu alinishika mkono kwa nguvu. Tulijua sote wawili: akikubali, kesho sisi hatuna kazi. Mkwe na wake wa wanawe hawaoshi ukuta mmoja. Yeye naye alijua, maana tangu mwenzangu amkimbie alikuwa ameshajua aliye juu ya ngazi ni nani.

Mzee alivikunjakunja vidole vyake. "Hapana, baba," akasema. "Nilikuwa napita tu, nikaona ngazi inaanguka."

"Na wanawake wangu wako wapi?"

"Sikuona mtu."

Akaokota mfuko wake, akausukumia ule mpini ndani usionekane, akashika njia ya nyumbani akichechemea. Mwenzangu akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimefumba macho namshukuru Mungu kwamba kazi imebaki yetu, na nilimaliza kushukuru kabla sijavikumbuka vidole vya mzee.